Ninunue Canon au Nikon? Kamera ya Kwanza kwa Mwenye Fedha Kidogo

"Mjomba, ninunue Canon au Nikon?"

Swali hili nimeulizwa harusini, nimeulizwa ndani ya daladala, na siku moja niliulizwa msibani huku tukisubiri jeneza litoke. Safari hii aliyeuliza alikuwa binti wa Pongwe. Siyo Pongwe ya Unguja yenye fukwe. Ni hii ya kwetu Tanga, iliyo kwenye barabara ya kwenda Muheza, penye kiwanda cha saruji na mawe ya chokaa. Alikuwa ameweka akiba ya laki nane kwa kushona nguo, na nia yake ilikuwa wazi: kupiga picha za harusi upande wa akina mama.

Niliipenda nia hiyo papo hapo. Pwani yetu bado ina shughuli ambazo mwanamume haingii. Bibi harusi anapopambwa, wanawake wanapokesha na ngoma yao ndani ya ua, mpiga picha wa kiume hubaki nje na kamera yake ya mamilioni. Binti mwenye kamera ya kawaida anayejua kazi ana mlango uliofunguliwa tayari. Kwa hiyo swali lake lilistahili jibu la kweli, na nikamjibu kwa swali.

"Pale Pongwe na mjini Tanga, wapiga picha unaowafahamu wanatumia nini?"

Hakujua. Nikamwambia arudi akishajua. Sura hii inaeleza kwa nini nilimrudisha.

Kamera ina ukoo

Kamera tunayoizungumzia hapa ina sehemu mbili. Ya kwanza ni bodi, yaani kile kiwiliwili chenye vitufe na kioo cha kutazamia picha. Ya pili ni lenzi, lile jicho la mbele linalochomoka. Lenzi hufungwa kwenye pete ya bodi, na kila kampuni ina pete yake. Lenzi ya Nikon haikai kwenye bodi ya Canon, kama vile kifuniko cha sufuria hii kisivyokaa kwenye sufuria ile. Vipo vipete vya kuunganishia, lakini kwa anayeanza ni usumbufu na gharama juu ya gharama.

Ndiyo maana kununua kamera ni kama kuingia kwenye ukoo. Bodi utaibadilisha baada ya miaka michache. Lenzi, fleshi, betri na chaja vitakuwa vimekufunga kwa jina ulilolichagua siku ya kwanza. Na ukoo ni watu pia: nani atakuazima betri yako ikizima katikati ya shughuli? Nani atakuuzia lenzi yake anapopanda daraja? Fundi gani amewahi kuifungua kamera ya aina hiyo?

Ukoo wa Canon unaotumika katika kamera nyingi za mitumba tulizo nazo ulianza mwaka 1987, lenzi zake zikiitwa EF. Pete ya Nikon ni ya tangu 1959. Sony iliingia kwa mlango mwingine: mwaka 2006 ilichukua shughuli za kamera za Konica Minolta, kisha mwaka 2010 ikaanzisha pete yake mpya iitwayo E. Fujifilm ilileta pete yake ya X mwaka 2012. Koo zote hizi hutoa picha nzuri. Nikon yenyewe hutumia katika kamera zake nyingi sensa zilizotengenezwa na Sony. Sensa ni kile kibapa ndani ya bodi kinachopokea mwanga, kilichochukua nafasi ya filamu. Anayekuapia kwamba jina fulani ndilo lenye picha na mengine ni takataka anakueleza mapenzi yake, na mapenzi ya mtu hayakusaidii kazini.

Koo nyingine hufa. Samsung ilitengeneza kamera za kubadilisha lenzi, aina ya NX, kuanzia mwaka 2010, kamera nzuri kabisa, kisha ikaondoka sokoni. Nikon ilikuwa na mfululizo mdogo ulioitwa Nikon 1, nao ukakoma mwaka 2018. Canon iliacha mfululizo wake wa EOS M mwaka 2023. Ukikutana na mojawapo ya hizi kwa bei ya kutupa, jua sababu. Bodi itakuwa nzima, lakini siku ya kutafuta lenzi ya pili utaihangaikia Tanga nzima mpaka uvuke mpaka wa Horohoro kwenda Mombasa, na hata huko huna hakika.

Kwa nini mtumba wa leo ni mzuri

Kamera zenye kioo ndani, zile watu wanazoziita DSLR, zilitawala kwa miaka mingi. Kioo hicho hurusha taswira juu hadi kwenye kitundu unachochungulia, na unapobonyeza, kinanyanyuka kupisha mwanga. Ndiyo ile "kla!" unayoisikia. Mwaka 2018 Canon na Nikon zote mbili zilileta koo mpya zisizo na kioo, RF kwa Canon na Z kwa Nikon, na tangu hapo nguvu zao zimehamia huko. Wenye fedha huko duniani wakahama nazo, wakauza za zamani. Hizo ndizo zinazotufikia Kariakoo, Darajani na kwenye maduka ya mjini Tanga.

Hili ni jambo jema kwetu. Canon 600D ilitoka mwaka 2011 ikiwa na megapikseli 18. Nikon D3200 ilitoka mwaka 2012 ikiwa na 24. Megapikseli ni hesabu ya nukta zinazounda picha, milioni moja moja. Picha ya ukutani ya saizi ya A3, ile ambayo familia huitundika sebuleni juu ya kabati, inahitaji megapikseli zipatazo 17 ili isafishwe kwa ukali wote. Kamera zote mbili zinaitosheleza. Kamera iliyopiga picha nzuri mwaka 2012 haijasahau kupiga.

Nitaongeza kitu kimoja kutoka historia yetu wenyewe. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza utotoni na kamera ya Box Brownie iliyokwishatumika, kamera ya boksi ya watu wa kawaida. Mwaka 1963 alifungua kampuni yake ya picha, Camerapix, hapo hapo Dar es Salaam, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliutikisa ulimwengu mzima. Nawatajia vijana mfano huu kila mara, kwa sababu wengi wanaahirisha kuanza mpaka wapate kamera waliyoiona mikononi mwa mtu wa mtandaoni, na miaka inapita.

Mwanga wa Pongwe

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana kamera hununuliwa kwa kazi.

Chumba anachopambiwa bibi harusi ni kidogo. Kina kitanda, kabati, mashangazi sita, na taa moja ya dari. Lenzi inayokuja na kamera nyingi, ile ya zumu iliyoandikwa 18-55, ina tundu dogo la kupitishia mwanga. Tundu hilo huandikwa kwa namba yenye herufi f mbele, na namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Lenzi hiyo ukiivuta hadi mwisho hufika f/5.6. Lenzi ndogo isiyo na zumu, ya f/1.8, hupitisha mwanga karibu mara kumi ya huo. Tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha sura inayong'aa na hina inayoonekana mstari kwa mstari, na picha yenye chenga nyeusi iliyotikisika.

Kwa hiyo lenzi ya f/1.8 ndiyo kitu cha kwanza ninachomhimiza anayeanza akipate, kabla ya bodi kubwa zaidi. Hapa majina yanaanza kutofautiana kwa namna inayogusa mfuko.

Canon wana lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, ya plastiki, nyepesi, maarufu kuliko zote kwa wanaoanza. Toleo la STM lilitoka mwaka 2015, la kabla yake ni la 1990, na yote mawili yanafokasi yenyewe kwenye bodi yoyote ya kidijitali ya Canon yenye kioo. Kasoro yake ni kwamba sensa za bodi ndogo hukata pembeni, hivyo milimita 50 huwa kama 80. Ndani ya kile chumba cha mashangazi sita utarudi nyuma mpaka mgongo ugonge kabati, na bado bibi harusi hatoshei kichwa hadi miguu. Kwa nusu mwili inafaa sana. Nikon wana ya milimita 35 ya f/1.8, iliyotoka mwaka 2009 mahsusi kwa bodi ndogo, na hiyo kwa chumba kidogo ni tamu zaidi. Nisingekuwa mkweli kama ningeficha kwamba hapa Nikon inaishinda Canon.

Lakini Nikon nayo ina mtego wake. Bodi ndogo za Nikon, mfululizo wa D3000 na wa D5000, hazina mota ya kufokasi ndani yake. Zinategemea mota iliyomo kwenye lenzi, na lenzi za namna hiyo zimeandikwa AF-S. Kijana akiuziwa ile Nikon ya 50 iliyoandikwa "1.8D", kwa sababu ni rahisi na inakaa kwenye pete vizuri, atafika nyumbani agundue kwamba lazima azungushe fokasi kwa mkono. Harusi haimsubiri azungushe.

Kisha kuna fleshi, ambayo hukaa juu ya kamera kwenye kile kiatu cha chuma. Tazama kiatu hicho kwa makini. Katikati yake huwa na kitone cha chuma, na fleshi za bei nafuu kutoka China hutegemea kitone hicho kupata amri ya kuwaka. Canon 2000D na 4000D, zilizotoka mwaka 2018 na ambazo bado zinauzwa zikiwa mpya kwenye boksi, hazina kitone hicho. Ukiwa na 600D ya zamani, au 1300D ya mwaka 2016, fleshi hizo zinawaka. Mtu anaweza kununua kamera mpya zaidi akajikuta hawezi kutumia fleshi ambayo kamera kuukuu ya jirani inaiwasha bila shida.

Kuna na sauti, kwa anayetaka kurekodi video za maulidi au taarab. Tanga ni mji wa Black Star, kikundi cha taarab, kwa hiyo hatuna udhuru wa kurekodi taarab kwa sauti mbovu. Tafuta tundu la maikrofoni ubavuni mwa bodi. Canon 600D na 700D zinalo. Nikon D3200 na D3300 zinalo. D3400 na D3500, ambazo ni mpya kuliko hizo, hazinalo.

Kwa kifupi, hapa tulipofika: upya wa kamera haukuhakikishii ubora, na jina la kampuni halikuambii kilichomo. Namba ya toleo, ile iliyoandikwa mbele ya bodi, ndiyo yenye habari.

Kitu ambacho hakuna jina linalokitibu

Wapo wanaodhani kamera ghali itawaondolea shida ya kanzu. Nawaelewa. Mchana wa Tanga, bwana harusi amesimama uwanjani kwa kanzu nyeupe pe na kofia ya kiua, ngozi yake nyeusi nzuri. Unapiga, na uso unatoka kama kivuli. Sababu ni kwamba kamera hupima mwanga ikidhani dunia yote ina weupe wa wastani. Ikiona kanzu imejaa kwenye fremu, inaamini mwanga umezidi, inapunguza, na uso unazama gizani. Canon hufanya hivyo, Nikon hufanya hivyo, Sony hufanya hivyo.

Dawa iko kwenye kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kishikilie, zungusha gurudumu la kamera upande wa kujumlisha hatua moja, piga tena, tazama uso. Msogeze bwana harusi chini ya mwembe, mgongo wake uelekee jua. Somo hili litakusaidia kuliko milioni moja ya ziada.

Dukani na tochi

Kamera ya mtumba hununuliwa kwa macho na subira. Mwaka mmoja nilinunua lenzi usiku, kwa haraka, kwa sababu kesho yake nilikuwa na kazi. Asubuhi nilipoinyanyua kwenye jua niliona ndani yake nyuzinyuzi kama utando wa buibui. Ni fangasi. Unyevu wa pwani yetu huwalea ndani ya vioo, na wakishakula rangi ya juu ya kioo hakuna fundi wa kuirudisha. Muuzaji hakupokea tena simu yangu. Tangu siku hiyo sinunui lenzi bila tochi mfukoni.

Haya ndiyo ninayoyafanya, na muuzaji mwaminifu hakasiriki:

- Namulika tochi upande mmoja wa lenzi na kuchungulia upande wa pili. Vumbi kidogo si neno. Nyuzinyuzi au ukungu, naondoka.
- Naweka kadi yangu mwenyewe, napiga ukuta mweupe, kisha nakuza picha kwenye kioo nikitafuta madoa na mistari.
- Nafunika lenzi kwa kifuniko chake na kupiga giza. Nukta nyekundu au nyeupe zinazorudi mahali pale pale ni kasoro ya sensa.
- Nabonyeza kila kitufe, nafungua mlango wa betri na wa kadi, natazama kiatu cha fleshi kama kimeota kutu. Kutu ya chumvi ni dalili kwamba kamera ilikaa ufukweni.
- Nauliza imepiga picha ngapi. Picha za Nikon huwa na idadi hiyo imefichwa ndani ya faili, na programu za bure za kompyuta huionyesha. Kwa Canon nyingi lazima uunganishe kamera yenyewe kwa waya. Pazia la ndani ya kamera hizi ndogo linatarajiwa kufika takriban picha laki moja. Iliyokwisha kupiga elfu themanini nitaishusha bei sana, au nitaiacha.
- Naomba risiti, hata kama ni ya mkono yenye jina na namba ya bodi. Kamera ya wizi itakupeleka kituoni.

Ukishafika nayo nyumbani, usiitie kabatini ndani ya mkoba wake. Nunua ndoo au kopo la plastiki lenye mfuniko unaokaza, weka ndani vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vingi, na uvibadilishe. Sisi wa Pongwe tuna adui wa pili, vumbi jeupe la chokaa na saruji. Usibadilishe lenzi kando ya barabara malori yanapopita. Ingia ndani, funga mlango, geuza bodi mdomo uangalie chini, badilisha upesi.

Laki nane zigawanywe vipi

Kosa ninaloliona kila mwaka ni kijana kumaliza fedha yote kwenye bodi. Anarudi nyumbani na kamera kubwa, lenzi ya zumu yenye tundu dogo, betri moja na kadi ya kuazima. Mimi ningemshauri mwenye laki nane apange hivi: laki nne na nusu ziwe mwisho wa bodi pamoja na lenzi yake ya kwanza, laki mbili zisubiri lenzi ya f/1.8, laki moja fleshi, elfu hamsini betri ya akiba na kadi. Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo shika uwiano kuliko tarakimu. Kama bodi unayoitaka inakula zaidi ya nusu na kidogo ya fedha yako, shuka toleo moja.

Kuhusu betri, jua jina lake kabla hujanunua. Canon 550D hadi 700D zinatumia LP-E8. Canon za chini yake, 1100D hadi 1300D na hata 2000D na 4000D, zinatumia LP-E10. Nikon za D3100 hadi D3500 na D5100 hadi D5600 zinatumia jamii moja tu, EN-EL14, na hilo ni jambo jema sana, kwa sababu ukipanda toleo betri zako zinapanda nawe.

Alivyorudi

Binti alirudi baada ya wiki mbili na karatasi. Alikuwa amezunguka. Pongwe alikuta wapiga picha wawili, wote Canon zenye betri ya LP-E8. Ngamiani, mjini Tanga, alikuta studio moja yenye Nikon na mbili zenye Canon. Dada mmoja wa Muheza, mpiga picha wa shughuli za wanawake, alikuwa na Canon na lenzi ya 50, na akamwambia, "Siku sina kazi njoo uichukue, mdogo wangu."

Nikamwambia jibu lake amekwisha kulileta mwenyewe. Nikon ingempa ile lenzi tamu ya 35, na kama watu aliowakuta wangekuwa wa Nikon, ningemwambia achukue D3200 bila kusita. Lakini watu wake walikuwa wa Canon. Tulikwenda pamoja mjini, tochi mkononi. Ya kwanza ilikuwa na fangasi. Ya pili kiatu chake kilikuwa na kutu. Ya tatu, 600D iliyochubuka rangi pembeni, ilikuwa safi ndani. Akainunua, na zile laki mbili za lenzi akaziacha benki kwa sababu lenzi ya 50 alikuwa na pa kuiazima.

Nawe unayesoma hapa ukiwa Maramba, Pangani au Mkinga, usinipigie kuniuliza Canon au Nikon kabla hujafanya alivyofanya yeye. Chukua karatasi, pita kwa wapiga picha wa kwenu, wasalimu, waulize wanatumia nini, betri gani, nani huwatengenezea. Kisha uje na karatasi hiyo, tuende dukani.